Serikali si Siri Kali: Kiswahili na Haki ya Raia ya Kupata Habari

Utangulizi

Wapo watani wa lugha wanaodai kwamba neno "serikali" limeundwa kwa maneno mawili, "siri" na "kali". Mwanafunzi aliyepitia somo la etimolojia anafahamu kwamba dai hilo halina mashiko. Asili ya neno hili ni Kiajemi, "sarkar", ambalo lilipitia Bara Hindi na kufika pwani yetu likiwa na maana ya mamlaka au utawala. "Siri" ni neno la Kiarabu, nalo "kali" ni la Kibantu. Hata hivyo, utani haudumu vinywani mwa watu bila sababu. Umedumu kwa kuwa kwa miaka mingi mwananchi aliyeingia katika ofisi ya umma kuuliza jambo linalomhusu alijibiwa kwa maneno yale yale: faili halionekani, mkubwa hayupo, njoo kesho, hiyo ni siri ya serikali.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba, kisheria, majibu ya aina hiyo hayana nafasi tena nchini Kenya. Haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali imo katika Katiba ya mwaka 2010, na utaratibu wa kuitumia umewekwa na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Aidha, makala yanadhamiria kuangazia jambo ambalo wengi wanaoizungumzia sheria hiyo hulipita upesi, nalo ni kwamba raia anaruhusiwa kuwasilisha ombi lake kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba ruhusa hiyo haitazaa matunda hadi kazi ya lugha inayoambatana nayo ifanywe, na wanaopaswa kuifanya ni sisi tunaojifunza na kufundisha lugha hii.

Usuli wa Haki Hii

Wazo kwamba raia ana haki ya kuona nyaraka za watawala wake si geni duniani. Sweden ilipitisha sheria ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1766. Mwaka 1946, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua uhuru wa habari kuwa haki ya msingi ya binadamu, na miaka miwili baadaye kifungu cha 19 cha Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu kikataja haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Barani Afrika, kifungu cha 9 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, uliopitishwa mwaka 1981, kinampa kila mtu haki ya kupokea habari.

Nchini Kenya, safari ilikuwa ndefu. Mwaka 1968, miaka mitano tu baada ya uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Siri Rasmi, na kwa muda mrefu mtumishi wa umma alifunzwa kwamba usalama wake umo katika kunyamaza. Mswada wa uhuru wa habari uliowasilishwa Bungeni mwaka 2007 haukufika mwisho wa safari. Mambo yalibadilika tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilipozinduliwa. Ibara ya 35 ya Katiba hiyo inampa kila raia haki ya kupata habari zinazohifadhiwa na serikali, pamoja na habari zinazohifadhiwa na mtu mwingine iwapo zinahitajika ili kutekeleza au kulinda haki fulani. Ibara hiyo pia inampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe, na inailazimu serikali kuchapisha na kutangaza habari muhimu zinazoligusa taifa.

Miaka sita ilipita kabla ya utaratibu wa kutekeleza haki hiyo kuwekwa. Sheria ya Kupata Habari ilitiwa sahihi tarehe 31 Agosti 2016 na kuanza kutumika tarehe 21 Septemba mwaka huo huo. Majirani zetu Uganda walikuwa wametangulia kwa sheria yao ya mwaka 2005, Rwanda wakafuata mwaka 2013, nayo Tanzania ikapitisha yake mwaka ule ule wa 2016.

Habari, Taarifa au Maelezo?

Kabla ya kuendelea, ni vyema tulitazame neno lenyewe. Watanzania huiita haki hii "haki ya kupata taarifa". Nchini Kenya neno linalotumika zaidi ni "habari". Neno hili lina mizigo mingi. Kwanza ni salamu: ukimwambia karani "habari", atakujibu "nzuri". Pili, ni matukio yanayosomwa redioni saa moja jioni. Ndiyo maana mtu akisikia "afisa wa habari" humfikiria yule anayeandamana na wanahabari kwenye mikutano, ilhali sheria inamzungumzia afisa mwenye wajibu wa kupokea na kushughulikia maombi ya raia.

Katika sheria hii, habari ni kumbukumbu zote zilizo mikononi mwa taasisi: barua, mikataba, hesabu, ramani, ripoti, kanda za sauti na picha, hata zile zilizomo ndani ya tarakilishi. Mtu asiyeujua upana huu huenda akadhani kwamba haki ya kupata habari ni haki ya waandishi wa magazeti peke yao. La hasha. Ni haki ya mkulima anayetaka kujua mbolea ya ruzuku iligawiwa nani, ya mzazi anayetaka kujua pesa za ujenzi wa madarasa zilitumikaje, na ya mwanafunzi anayetaka kujua vigezo vilivyotumika kumnyima mkopo.

Sheria Inasema Nini?

Yafaa tuyadondoe mambo makuu ambayo kila raia anapaswa kuyafahamu.

Kwanza ni swali la nani anaweza kuomba. Mwenye haki hii ni raia wa Kenya. Baada ya Katiba kuzinduliwa, mahakama zilipata kuamua kwamba kampuni haiwezi kujiita raia. Sheria ya 2016 ililegeza jambo hilo kwa kueleza kwamba neno raia linajumuisha pia shirika la kibinafsi linalodhibitiwa na Wakenya.

Pili ni sababu za kuomba. Mwombaji halazimiki kueleza kwa nini anazitaka habari hizo. Kifungu cha 4 kinasema kwamba haki yake haiathiriwi na sababu anazotoa, wala na dhana ya afisa kuhusu nia yake. Kwa hivyo swali tunalolizoea, "Unataka za nini?", halina uzito wa kisheria.

Tatu ni muda. Afisa anatakiwa kutoa uamuzi upesi iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile katika siku 21 tangu alipopokea ombi. Iwapo habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo ni saa 48 pekee. Muda wa siku 21 unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14, endapo habari zinazoombwa ni nyingi mno au zinahitaji mashauriano. Afisa akinyamaza hadi muda upite, sheria inahesabu kwamba amekataa. Hapo mwombaji hana haja ya kungoja zaidi. Anaweza kuchukua hatua inayofuata.

Nne ni malipo. Kuwasilisha ombi ni bure. Mwombaji anaweza kutozwa gharama ya kunakili nyaraka tu, na isizidi gharama halisi.

Tano, taasisi za umma zina wajibu wa kuchapisha baadhi ya habari bila ya kuombwa: majukumu yao, utaratibu wanaoufuata katika kufanya maamuzi, sera zao, na mikataba wanayotia sahihi. Kifungu cha 5 kinaongeza kwamba katika kuzisambaza habari hizo izingatiwe lugha ya mahali panapohusika, pamoja na mahitaji ya watu wenye ulemavu. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitambua haki hii katika ngazi ya kaunti.

Lugha ya Ombi

Sasa tufike katika kiini cha makala. Kifungu cha 8 kinasema kwamba ombi litaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Aidha, iwapo mwombaji hawezi kuandika kwa sababu hajui kusoma na kuandika, au kwa sababu ya ulemavu, afisa anawajibika kumsaidia. Atayasikiliza maneno yake, atayaandika, na kumpa nakala ya ombi hilo. Kwa maneno mengine, mzee asiyeshika kalamu anaweza kusimama mbele ya dawati, akasema, na usemi wake ukawa ombi halali. Jambo hili linaafikiana na Ibara ya 7 ya Katiba, inayokitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi.

Katika utendaji, mambo huwa tofauti. Mwandishi wa makala haya aliwahi kumsindikiza jirani yake, mzee wa heshima, hadi ofisi moja ya umma kuulizia zahanati ambayo ujenzi wake ulikuwa umekwama kwenye linta. Mzee alieleza shida yake kwa Kiswahili kizuri. Karani alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia, "Mzee wangu, nenda uandikiwe barua kwa Kiingereza ndipo wakubwa waisome." Mzee aliitikia kwa kichwa, akaaga, tukatoka. Njiani alisema, "Kijana wangu, mimi nilitaka kujua tu ni nani aliyekula pesa za zahanati yetu." Barua haikuandikwa kamwe.

Ningependa kukiri kwamba siku ile sikukifahamu kifungu cha 8, na yamkini karani naye hakukifahamu. Sisi sote watatu tulikuwa wajuzi wa Kiswahili, lakini haki iliyoandikwa kwa manufaa ya Kiswahili chetu ikapita katikati yetu bila ya kutambuliwa. Haki isiyojulikana ni kama hazina iliyozikwa chini ya mgomba wa mtu mwenye njaa.

Kutoka Lawama hadi Ombi

Kuna funzo la pili katika kisa hicho, nalo ni la kilugha. Swali la mzee, "Ni nani aliyekula pesa?", ni swali la haki kabisa, lakini si ombi la habari. Ni lawama iliyovaa vazi la swali. Afisa anaweza kulijibu kwa neno moja, "Sijui", na asiwe amevunja sheria yoyote, kwani hakuna faili lenye kichwa hicho. Sheria inamtaka mwombaji atoe maelezo ya kutosha ili afisa atambue ni habari zipi zinazotakiwa. Kwa hivyo sharti lawama ifasiriwe kuwa orodha ya nyaraka. Mwili wa barua ya mzee ungeweza kusomeka hivi:

"Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi hii. Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na kifungu cha 8 cha Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba nakala za nyaraka zifuatazo zinazohusu ujenzi wa zahanati ya kijiji chetu: kwanza, mkataba baina ya serikali ya kaunti na mwanakandarasi, pili, orodha ya malipo yote aliyolipwa tangu kazi ianze, pamoja na tarehe za malipo hayo, tatu, ripoti za mhandisi aliyeikagua kazi. Iwapo nyaraka hizi zinahifadhiwa na ofisi nyingine, naomba ombi hili lipelekwe huko nami nijulishwe. Niko tayari kulipia gharama ya kunakili. Natarajia jibu lenu katika muda wa siku 21 uliowekwa na sheria."

Msomaji ataona kwamba barua hii haimshutumu mtu, wala haina msamiati mzito. Nguvu zake zimo katika mambo matatu. Inataja sheria, na hivyo afisa anajua kwamba mwombaji anaijua haki yake. Inataja nyaraka zinazoweza kuhesabiwa, si hisia. Tena inataja muda. Sentensi kuhusu ofisi nyingine nayo ina maana yake, kwa kuwa sheria inamtaka afisa asiyekuwa na habari hizo alihamishe ombi kwa taasisi inayohusika katika muda wa siku 5. Mwombaji aihifadhi nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa, kwani siku 21 zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo. Atakapozipata nyaraka hizo, jibu la swali lake la awali huenda likajitokeza lenyewe.

Mipaka ya Haki

Haitakuwa uadilifu kuisifu haki bila ya kuitaja mipaka yake. Kifungu cha 6 kinaruhusu habari kuzuiliwa iwapo kuzitoa kutahatarisha usalama wa taifa, kutavuruga mkondo wa haki, kutahatarisha maisha au afya ya mtu, kutaingilia faragha ya mtu bila sababu, au kutadhuru biashara halali. Mipaka hii ina mantiki. Hakuna ambaye angependa jirani yake aombe na kupewa faili lake la hospitali.

Lakini hata mipaka ina mipaka. Mahakama inaweza kuamuru habari zilizozuiliwa zitolewe iwapo manufaa ya umma yanayopatikana kwa kuzitoa yanazidi madhara yake. Vilevile, habari zilizohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa hazizuiliki, isipokuwa taasisi ithibitishe vinginevyo. Sheria pia inamtaka afisa anayekataa aeleze sababu zake. Kusema "ni siri" na kunyamaza hakutoshi.

Ombi Linapokataliwa

Mwombaji asiyeridhika anaweza kuiomba Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman, iupitie uamuzi huo. Anafanya hivyo katika muda wa siku 30 tangu kuarifiwa. Tume ina uwezo wa kuwaita mashahidi, kudai nyaraka na kuamuru habari zitolewe. Asiyeridhika na agizo la Tume ana siku 21 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu.

Kesi inayodhihirisha nguvu ya haki hii ni ile ya reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Reli hiyo ilijengwa kwa mikopo mikubwa kutoka Uchina, lakini mikataba yake haikuonyeshwa umma. Wanaharakati wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliomba mikataba hiyo, na walipokosa kuipata wakaelekea katika Mahakama Kuu ya Mombasa. Serikali ilijitetea kwamba mikataba yenyewe ilikuwa na masharti ya usiri. Mwezi Mei 2022, Jaji John Mativo aliamua kwamba kunyimwa habari hizo kulikiuka Ibara ya 35, na akaamuru zitolewe. Mwezi Novemba mwaka huo, Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, aliweka hadharani baadhi ya mikataba ya mikopo hiyo. Funzo tunalolipata ni kwamba maafisa wawili wakikubaliana kuficha jambo, makubaliano yao hayawezi kuishinda Katiba.

Wajibu wa Wanakiswahili

Ikiwa sheria inakubali ombi la Kiswahili, je, jibu nalo litakuja kwa Kiswahili? Hapa ndipo penye pengo. Sheria inasema habari zitolewe, kadiri iwezekanavyo, katika hali ambamo zinahifadhiwa. Nazo nyaraka nyingi za serikali yetu, kuanzia mikataba hadi ripoti za ukaguzi wa hesabu, zimehifadhiwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba raia anaweza kuuliza kwa Kiswahili, akashinda, kisha akakabidhiwa kurasa mia moja asizoweza kuzisoma. Mlango umefunguliwa lakini chumba ni giza.

Pengo hili haliwezi kuzibwa na mawakili peke yao. Linahitaji watu wa lugha, na kazi zilizopo ni bayana. Ya kwanza ni ya istilahi. Tunahitaji maneno thabiti ya mambo ambayo raia atayakuta katika nyaraka hizo: zabuni, mwanakandarasi, makadirio, ukaguzi wa hesabu, mapitio, rufaa. Mengi yapo, lakini hutumiwa kiholela. Ofisi moja husema hivi na nyingine vile. Ya pili ni tafsiri na ufupisho. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetafuta mada ya mradi wa tafsiri angefanya jambo la maana kuichukua bajeti ya kaunti yake na kuiandika upya kwa Kiswahili anachokielewa mama mboga. Ya tatu ni ya uandishi wenyewe. Barua rasmi tunazifundisha shuleni kwa kuomba kazi na kuomba ruhusa. Ni mara chache tunafundisha barua ya kuomba habari, ingawa ni barua ambayo raia ana haki ya kujibiwa.

Kuna wanaosema kwamba Kiswahili hakijakomaa kiasi cha kubeba mambo ya sheria na fedha. Jibu ni kwamba lugha hukomazwa kwa kutumiwa. Kila ombi linaloandikwa kwa Kiswahili na kupigwa muhuri linamlazimu afisa mmoja kulisoma, kulifikiria na kulijibu. Maombi yakiwa mengi, ofisi zitalazimika kujiandaa kwa fomu, istilahi na watafsiri. Yasipoletwa, kifungu cha 8 kitabaki kuwa pambo.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba haki ya kupata habari ina mizizi katika Katiba, kwamba sheria ya mwaka 2016 imeipa muda, utaratibu na mahali pa kulalamika, na kwamba Kiswahili kimepewa nafasi sawa na Kiingereza katika kuiomba. Kilichosalia ni utendaji. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na taifa lisilouliza hufichwa hata lililo lake.

Tunapendekeza hatua moja ndogo. Likizo ijayo, kila mwanachama wa chama hiki arudipo kwao amtafute mtu mmoja mwenye swali kuhusu ofisi ya umma: zahanati iliyokwama, kisima kilicholipiwa kisichimbwe, barabara iliyozinduliwa mara mbili. Ampokonye lawama, amwandikie ombi kwa Kiswahili, waipeleke barua pamoja, na wahakikishe nakala imepigwa muhuri. Kisha wahesabu siku 21.